Popo wa Nane wa Mvuleni

Mwanangu Zuhura,

Asubuhi ulipotoka kwenda Masaki ya huku kwetu kuwaaga shangazi zako, nilikuambia nakwenda kuangalia mikorosho. Haukuwa uongo mtupu, maana mikoroshoni nimepita. Lakini sikuishia hapo. Sasa nimekaa mahali na daftari magotini, jua bado lipo juu, nakuandikia jambo nililoshindwa kukuambia kwa mdomo tangu barua yako ya chuo ilipofika. Kwa kawaida mtu huandika juu ya barua yuko wapi na ni siku gani. Mimi leo mahali nitapaandika mwisho, na utaona kwa nini.

Kesho lori la mihogo litakufikisha Mlandizi, na pale utapata basi la Morogoro. Habari za chandarua, za sabuni, za kulifunga sanduku kwa kamba mbili na si moja, shangazi yako Mwajuma amekwisha kuzisema, amezirudia, na bila shaka hivi sasa anazisema tena huko Masaki. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninalo langu moja tu, na limenikaa vibaya.

Juzi, wageni walipokuja kukupongeza, uliwaambia hivi: "Baba yangu amechuna wanyama wa watafiti miaka kumi na miwili na hajakosea lebo hata moja. Nimewaandikia hivyo hata chuoni kwenye fomu." Mjomba wako akacheka, akasema, "Ndiyo maana sisi tukamwita Bwana Popo!" Watu wote wakacheka. Mimi nikainuka nikaenda uani, na wewe ukadhani naona haya kwa kusifiwa.

Nilikosea, Zuhura. Nilikosea lebo saba kwa siku moja, na wakati naziandika nilijua kuwa nakosea.

Kazi ile niliipata muda mfupi baada ya Uhuru. Mtaalamu mmoja mgeni, sisi tukimwita Daktari tu, alikuja kutafuta kijana mwenye mwandiko mzuri na asiyeogopa damu. Mimi nilikuwa na darasa la nne na mwandiko. Damu niliiogopa, lakini sikusema. Siku ya kwanza alinipa mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, mgongo mweusi na mabega mekundu kama matofali. Akaniuliza, "Huyu nani?" Nikamjibu, "Panya, bwana." Akaniambia nimfungue kinywa. Panya ana meno mawili marefu mbele, ya kutafunia, nawe unajua hayo tangu ukiwa na miaka mitano. Yule hakuwa nayo. Alikuwa sange, na sange ana ukoo wake peke yake. Hana undugu na panya zaidi ya ule alionao mbuzi.

Usiku huo nilimwambia mama yako. Tulikuwa tumeoana mwezi mmoja kabla. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii tunamtukana sange wa watu?" Kisha akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe je, nikikufungua kinywa nitakuweka kundi gani?"

Ndivyo alivyokuwa Mwanahawa. Wewe unamkumbuka mgonjwa, kwa sababu ulikuwa mdogo. Mimi nataka umjue mzima.

Bibi yako, mama yake, hakutaka kabisa nilete popo nyumbani. Alisema popo si ndege wala si mnyama, kiumbe kisicho na upande, na mkono uliomshika hauwezi kushika kata ya maji ya watu. Mama yako hakubishana. Siku moja nilileta popo wa matunda jike, mkubwa, mwenye uso kama wa mbwa, na tumboni kwake mtoto ameng'ang'ania titi. Mama yako alimwita bibi yako aje aone. "Tazama, mama. Ananyonyesha. Ana titi moja huku na moja huku, kwapani. Upande wake ni huu wetu." Bibi akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Basi mrudishe huyo. Mama mwenye mtoto hachunwi." Nilimrudisha. Daktari alinung'unika, lakini sijutii.

Popo wakubwa wale ndio waliotupatia mivule ya kijijini kwetu. Mama yako ndiye aliyeligundua hilo. Alikuwa akifagia chini ya mti walipokuwa wakining'inia, akaona miche midogo ya mvule inaota kwenye vinyesi vyao na kwenye makapi waliyotema, mahali ambapo hapakuwa na mvule mzazi karibu. Nilimweleza Daktari, naye akaliandika kwenye daftari lake. Hakuandika jina la mama yako. Nilipaswa kumwambia aliandike. Sikumwambia.

Sasa kuhusu lebo. Daktari alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa lebo. Ukichana ngozi, alikuonyesha kuishona. Ukipoteza fuvu, alinyamaza siku nzima, kesho yake amesahau. Lakini lebo iliandikwa pale pale ulipomshika mnyama, kabla hujanawa mikono: mahali, siku, dume au jike, urefu wa mwili, mkia, sikio, na kwa popo mfupa wa mkono. Wino mweusi usiofutika. Kisha inafungwa kwa uzi kwenye mguu wa kulia. Alisema mnyama asiye na mahali ni ngozi tu, hata angekuwa mmoja peke yake duniani. Nilikuwa nikikuambia maneno hayo ulipokuwa mtoto ukadhani ni yangu. Ni yake.

Mvuleni palikuwa na shimo la udongo mweupe, lilichimbwa zamani na watu ambao hata bibi yako hakuwajua. Lilikuwa limeingia ndani kama chumba, unaingia umeinama halafu unasimama. Mle ndani walikuwamo popo wadogo ambao sikuwahi kuwaona kwingine kokote, wala Vihingo, wala Mzenga, wala kule Kibaha tulikopiga kambi miezi mitatu. Manyoya yao rangi ya binzari. Na puani vijinyama vitatu vimesimama kama meno ya uma. Mama yako aliwaita popo binzari, na jina hilo ndilo tulilolitumia nyumbani. Daktari alikuwa hajawaona. Aliandika kutoka mjini nimpatie saba au wanane, atakuja kuwachukua mwenyewe.

Niliwashika wanane, wiki ile ile ya Operesheni ya kutuhamishia vijiji vipya.

Unakumbuka kuhama. Unakumbuka lori, na jogoo aliyeruka njiani ukamlilia. Huwezi kukumbuka kuwa tulipewa siku tatu, na kwamba siku ya pili nilikuwa juu ya paa nang'oa makuti, popo wanane wakiwa kwenye sahani chini ya kitambaa, wamechunwa, wamejazwa pamba, hawajaandikwa. Kwa mara ya kwanza nilinawa mikono kabla ya lebo.

Niliziandika baada ya kuhamia, mbele ya kibanda chetu kipya hapo Juhudi. Mama yako alikuwa amekaa kando yangu na ubao wake wa kisomo cha watu wazima. Alikuwa ameanza kuandika mwaka ule. Nikachukua kalamu nikasita.

"Unangoja nini?" akaniuliza.

"Mahali."

"Mahali si Mvuleni? Andika Mvuleni."

Nikamwambia Mvuleni haipo. Katibu wa chama alikuwa amepita asubuhi ile ile, nyumba kwa nyumba, akatuambia kuanzia leo hakuna Mvuleni wala nini, sisi wote ni Kijiji cha Juhudi, na atakayeendelea kujiita mtu wa Mvuleni atakuwa anapinga. Mimi nilikuwa nimekwisha kusemwa mkutanoni kwa kuchelewa kubomoa. Bwana Popo anangoja ruhusa ya popo wake, walisema, na watu wakacheka kwa woga.

"Katibu ameamrisha watu," mama yako akasema. "Popo pia amewaamrisha? Wamehama hao? Wako shimoni kwao wamelala."

"Mwanahawa, taratibu, watasikia."

"Andika ulipomkamata. Usiandike unapolala wewe."

Nikaandika Juhudi. Mara saba, kwa mwandiko wangu mzuri, kwa wino usiofutika.

Wa nane alikuwa amechanika bawa. Nilimpa mama yako ajifunzie kushona, naye akamshona vibaya, uzi unaonekana. Kisha akachukua kipande cha lebo kilichobaki akaandika mwenyewe, herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Alitumia muda mrefu sana. Sikuangalia alichoandika kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia kwa kuwa na haki.

Daktari alikuja, akawachukua wale saba, akafurahi kupita kiasi. Akarudi kwao. Mwaka uliofuata wakaja vijana wawili aliowatuma, na mahema, na nyavu. Walitafuta Juhudi yote, mihogoni, kwenye paa za nyumba, kwenye vyoo vya shimo. Wiki mbili. Kila jioni walinipitia wakiniuliza, "Bwana Seif, pango liko wapi? Hawa popo hukaa kwenye pango." Nami niliwaambia pengine wamehama.

Hapo ndipo nilipokosa hasa. Kwa lebo unaweza kusema nilimwogopa katibu. Lakini wale vijana hawakuwa na katibu. Mvuleni ni mwendo wa saa mbili. Ningeweza kuwaongoza kwa mkono. Lakini kuwaongoza kulikuwa ni kusema niliandika uongo, na wao walikuwa wamekuja na sifa yangu kutoka kwa Daktari, kwamba Seif hakosei. Nilitaka kuibakiza hiyo. Waliondoka wakiandika kwamba popo wale saba asili yao ina mashaka. Daktari hakuniandikia tena. Baadaye nilisikia amefariki.

Katika siku hizo mama yako akaugua. Yaliyobaki unayajua, isipokuwa moja. Aliniomba nimzike Mvuleni, karibu na mama yake. Hakusisitiza, unajua hakuwa mtu wa kusisitiza. Alisema mara moja, kisha akaniuliza kama umekula. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia makaburi ya kule yamefungwa, ya Juhudi ndiyo ya kijiji. Nikasema sawa. Watu walinisifu kwa utulivu wangu. Kila Ijumaa ninapokwenda kumsomea najisikia kama mtu aliyeandika lebo nyingine ya uongo, ya nane, kwa mkono wake. Yupo mahali ambapo si pake, na mimi ndiye niliyemwandika pale.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu ya lililotokea mwezi huu, nalo linanikera mpaka silali vizuri.

Wanataka kuchimba udongo mweupe wa Mvuleni. Mradi umekwisha kupitishwa, trekta litakuja masika yakiisha. Nilikwenda wilayani kwa bwana wa mali asili. Mara ya kwanza hayupo. Mara ya pili yupo lakini ana mkutano. Mara ya tatu nilibeba popo binzari mmoja hai ndani ya kopo la maziwa, nimemshika mwenyewe kwa mkono, macho haya mabovu hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuletea kitu."

"Mzee, hebu kiondoe hicho mezani. Popo? Popo hata kwenye dari ya ofisi hii wapo."

Nikamwambia hawa si wale wa darini. Nikamwonyesha pua. Nikamwambia twende tukaone shimo. Akasema gari halina mafuta tangu mwezi uliopita. Lakini hakuwa mtu mbaya, alijitahidi. Akafungua kabati, akatafuta, akatoa jalada lenye vumbi lililoachwa na wale vijana wawili. Mle ndani mlikuwa na lebo moja ya wale saba, walikuwa wameibandika kwenye karatasi kama mfano.

"Huu si mwandiko wako, mzee?"

"Ni wangu."

"Umeandika Juhudi. Na hawa wataalamu wameandika wametafuta Juhudi hawakuona kitu. Mvuleni haimo kabisa humu."

"Nilikosea, mwanangu. Nilishika Mvuleni."

Akanitazama. Akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Sasa mzee wangu, nimwamini nani? Wewe wa leo, au wewe wa siku ile?"

Nilifunga kopo langu nikatoka. Nilitembea hadi nje ya mji nikamtoa yule popo nimwachie, nikakumbuka ni mchana, ataliwa na kunguru. Nikamrudisha ndani ya kopo nikambeba njia nzima mpaka shimoni kwake. Nilikuwa nimechoka na nina hasira na kila mtu: na bwana mdogo yule, na katibu, ambaye siku hizi hata hakai tena huku, na Daktari aliyekufa kabla sijapata ujasiri. Nilipofika shimoni ndipo hasira zikaniishia nikabaki na yule anayezistahili, yaani mimi.

Uliporudi jioni ile nikakuambia tu kwamba wilayani wamekataa, ukaniuliza, "Baba, kwa nini usiwaambie tu ukweli, wewe watakuamini?" nami nikakufokea uende ukapike. Nisamehe kwa hilo. Hukujua ulichokuwa unauliza.

Sasa sikiliza. Kwenye sanduku lako, chini kabisa, ndani ya ile kanga ya mama yako ya maua mekundu, nimeweka kopo la bati lililofungwa kwa uzi. Ndani yake yumo popo wa nane. Nimekuwa nikimwekea dawa ya nondo mwaka hadi mwaka. Kitendo hicho kimoja tu nilikifanya sawasawa. Lebo yake niliisoma baada ya mama yako kufariki. Ameandika: MVULENI SHIMO LA UDONGO MWEUPE. Chini yake siku. Chini yake, kwa sababu hakujua kuwa haitakiwi, ameandika jina lake, na tena la kwako.

Nataka umpeleke kwa walimu wako wa chuo. Waeleze kwamba wale saba na huyu wa nane walitoka shimo moja, siku moja. Ngozi za wale saba ziko mahali fulani duniani, wao watajua pa kuuliza. Pua ni ile ile, mfupa wa mkono ni ule ule, hata pamba ni ya fungu moja. Waombe mmoja wao aje nawe kabla masika hayajaisha, akae mdomoni mwa shimo jioni moja tu. Hahitaji kuniamini mimi. Wataruka mbele ya macho yake.

Lakini huwezi kufanya hivyo bila kusema kwamba baba yako aliandika uongo. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kwangu wiki hizi zote. Uliandika kwenye fomu yao kuwa sikukosea. Utaanza chuo kwa kusahihisha maneno yako juu ya baba yako mbele ya watu usiowajua, na pengine watacheka. Nimejiuliza kama nina haki ya kukubebesha hilo. Nilitaka kulitoa kopo sandukuni. Mara mbili nimelitoa, mara mbili nimelirudisha.

Ukiona ni zito, lirudishe kopo kwa shangazi yako Mwajuma, sitakuuliza. Ila usiniambie kwamba kosa lilikuwa la wakati ule, kwamba kila mtu alifanya hivyo. Mama yako alikuwa wakati ule ule, amekaa kando yangu, na hakufanya. Yeye alikuwa na wiki chache tu za kujua kusoma, mimi nina darasa la nne na sifa.

Huko uendako watakufundisha majina marefu ya wanyama, mengine hayatamkiki. Yatajue. Utagundua kuwa tulikuwa tukimwita komba mmoja kumbe ni watatu, na kwamba perere anayelia mtini kama anakabwa undugu wake wa karibu ni tembo. Nikisikia hayo kwako nitafurahi kuliko nilivyofurahi kwa Daktari. Ila majina yanaweza kubadilishwa hata na watu wa mbali wasiowahi kufika huku. Mahali unapajua wewe peke yako uliyekuwapo.

Mtoto mmoja amepita sasa hivi na kuni kichwani, akaniamkia, akaniuliza nafanya nini kwenye magofu. Nikamwambia naandika. Akauliza, "Hapa?" Nikamwambia ndiyo, hapa.

Usiku wa leo nitakula na wewe na sitasema kitu. Barua hii utaikuta ndani ya kanga, pamoja na kopo. Mungu akufikishe salama.

Mahali: Mvuleni, kizingitini pa nyumba yetu ya zamani, hatua mia tatu kutoka shimo la udongo mweupe.
Siku: moja kabla Zuhura hajaondoka.
Mwandishi: baba yako, Seif. Nimeandika hapa hapa, kabla sijanawa mikono.